Mkono Unaotetemeka Asubuhi: Majibu kwa Vijana Wanaotaka Kuacha Pombe

Barua za mwezi huu zinazohusu pombe zimekuwa nyingi kuliko kawaida, na karibu wote walioziandika hawajafikisha miaka 30. Nimechagua nne, nimezifupisha, na nimeondoa kila jambo linaloweza kumtambulisha mwandishi. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake mna hatari ambayo watu wengi hawaijui.

SWALI: Mshauri, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 25, nina kazi na sijaoa. Kwa miaka mitatu sasa nakunywa kila siku. Chupa ndogo ya pombe kali naificha ndani ya kiatu cha zamani chini ya kitanda, na asubuhi kabla ya kupiga mswaki nazimua kwa mafunda mawili, maana bila hivyo mkono unatetemeka hata nashindwa kufunga vifungo vya shati. Nimejaribu kuacha mara mbili peke yangu. Mara ya kwanza nilitoka jasho na kukosa usingizi, nikavumilia siku nne kisha nikarudia. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi: usiku wa pili nilisikia watu wakiniita kwa jina ilhali nilikuwa peke yangu chumbani, nikaogopa, nikanywa. Rafiki zangu wanasema ujana ni maji ya moto na kwamba nitaacha nikioa. Je, kwa umri huu naweza kuitwa mlevi? Na nitaachaje? Nimepanga kuanza Jumatatu.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na hiyo Jumatatu yako, kwa kuwa ndiyo iliyonitia hofu kuliko yote uliyoyaandika. Tafadhali usiikatishe pombe ghafla ukiwa peke yako chumbani. Kabla ya Jumatatu nenda kwenye kituo cha afya au hospitali, ukamweleze daktari yale yale uliyonieleza mimi: kiasi unachokunywa kwa siku, wakati unapokunywa funda la kwanza, kutetemeka kwa mkono, na hasa zile sauti ulizozisikia usiku wa pili. Usipunguze idadi kwa aibu, kwa sababu daktari atapanga dawa kwa kutegemea maneno yako, na ukimweleza nusu atakutibu nusu.

Sababu ni hii. Pombe huutuliza mfumo wa fahamu. Mtu anapokunywa kila siku kwa muda mrefu, ubongo hujifunza kuishi na mtulizo huo kwa kujichochea zaidi, kama dereva ambaye breki za gari lake zimeng'ang'ania, naye akazoea kukanyaga mafuta hadi mwisho ili gari lisogee. Siku breki zinapoachia ghafla, mguu bado uko kwenye mafuta. Kutetemeka, jasho, wasiwasi na moyo kwenda mbio huanza saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege, kwa wale linaowapata, huja zaidi ndani ya saa 48 za kwanza. Na kati ya siku ya pili na ya nne baadhi yao huingia katika hali ambayo madaktari huiita deliriamu, ambapo mtu huchanganyikiwa, hupandwa na homa, huona na kusikia visivyokuwepo, na asipotibiwa anaweza kufa. Watu wengi huiogopa heroini kuliko pombe, lakini ni nadra mtu kufa kwa sababu tu ameikosa heroini. Kwa aliyezoea pombe kila siku, kuikosa ghafla kunaweza kumuua.

Barua yako inaonyesha jambo jingine. Jaribio la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza, nawe bila shaka ulijilaumu kwamba umezidi kuwa dhaifu. Sivyo. Ubongo uliokwisha kupitia msukosuko huo mara kadhaa huelekea kuitikia kwa ukali zaidi kila unaporudia, na ndiyo maana nakusihi jaribio la tatu lifanyike mbele ya watu wanaojua la kufanya. Hospitalini kuna dawa za kutuliza, za jamii ya diazepamu, ambazo hutolewa kwa kipimo na kupunguzwa siku hadi siku, mara nyingi kwa muda wa wiki moja hivi, ili ubongo uachie mafuta polepole. Utapewa pia thiamini, yaani vitamini B1, kwa sababu wanywaji wa kila siku huishiwa nayo mwilini, na upungufu wake ukikithiri unaweza kuharibu kumbukumbu na uwezo wa kutembea sawasawa. Si kila mtu hulazwa, lakini mtu aliyekwisha kusikia sauti asishangae akiambiwa abaki wodini. Dawa hizo za kutuliza usijinunulie mwenyewe, kwa maana zikikutana na pombe zinaweza kuzima pumzi. Hadi utakapomwona daktari usiongeze kiasi na wala usikate ghafla. Ukipatwa na degedege, ukianza kuchanganyikiwa au ukitapika damu, uende hospitali wakati huo huo, hata kama ni usiku wa manane.

Sasa umri. Uliniuliza kama unaweza kuitwa mlevi ukiwa na miaka 25. Mimi sina haja ya kukupa jina hilo, na madaktari wengi siku hizi wameliacha. Wao huzungumza juu ya ugonjwa wa matumizi ya pombe, ambao unaweza kuwa mwepesi, wa kati au mkali. Ukitaka kujipima, Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10 liitwalo AUDIT, ambalo alama zake hufika 40, na mtu anayepata 20 au zaidi huhesabiwa kuwa huenda tayari mwili wake unaitegemea pombe. Lakini wewe ulikwisha kujijibu uliposimulia habari ya vifungo vya shati. Ujana haumtetemeshi mtu mkono asubuhi.

Kuhusu rafiki zako, naamini wanakupenda, ila ushauri wao ni mbaya na nitasema kwa nini. Naandika haya nikiwa mtu aliyeacha pombe akiwa na miaka 31, baada ya kuambiwa maneno hayo hayo nikiwa na umri wako. Nilioa. Chupa ikahama kutoka chini ya kitanda kwenda nyuma ya tangi la maji, na aliyeigundua alikuwa mtoto wangu wa miaka minne, aliyeniletea akidhani nimeipoteza. Gharama ya miaka ile sita sikuilipa peke yangu. Ndoa haitibu utegemezi, na kazi mpya au kuhamia kwingine havitibu. Humpa tu mgonjwa mashahidi wapya. Kuna pia imani kwamba mraibu lazima kwanza aguse chini kabisa ndipo ainuke. Siikubali hata kidogo, kwa sababu chini ya watu wengine ni kaburi. Kijana anayeacha mapema anaacha akiwa bado na kazi, ini ambalo linaweza kujirekebisha, na ubongo ambao sehemu yake ya kupima mambo na kujizuia huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini. Mafuta yaliyojaa kwenye ini kwa ajili ya pombe huanza kupungua ndani ya wiki chache tu za kutokunywa.

Usingizi utachelewa. Nalisema hili waziwazi kwa sababu wengi hurudia pombe katika mwezi wa kwanza au wa pili kwa kukosa usingizi, na kwa ule ukavu wa moyo ambao humfanya mtu aone kila kitu hakina ladha. Ubongo uliozoea kupewa raha kutoka kwenye chupa huchukua miezi kujifunza kuitafuta kwingine, na katika kipindi hicho kuchoka na kununa ni dalili za kupona, ingawa hazifanani na kupona. Mwulize daktari juu ya dawa mbili: naltreksoni, ambayo hupunguza ile raha inayofuata kinywaji na hivyo kupunguza hamu, lakini haifai kwa anayetumia dawa za maumivu za jamii ya morfini, na akamprosati, ambayo hutolewa zaidi kwa aliyekwisha kuacha ili imsaidie asirudi. Hakuna kati yake inayolewesha, na kuzitumia si kubadilisha uraibu mmoja kwa mwingine, kama nilivyowahi kuambiwa na mtu aliyenitakia mema.

Tafuta watu vilevile. Chama cha Alcoholics Anonymous kilianzishwa mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani, na Bill Wilson, aliyekuwa na miaka 39, na daktari Bob Smith, aliyekuwa na miaka 55, na labda ndiyo maana vijana wengi hudhani mikutano yake ni ya wazee. Sharti pekee la kujiunga ni kutaka kuacha kunywa, na tangu 1958 kumekuwa na mkutano wa kimataifa wa wanachama vijana. Wewe nenda, ukae nyuma, usiseme lolote siku ya kwanza. Ukiona hapakufai, tafuta mshauri nasaha au kundi jingine; kinachohitajika ni angalau mtu mmoja ambaye unaweza kumpigia simu jioni, wakati hamu inapopanda, ukamwambia bila kuzunguka kwamba unataka kunywa. Hamu hupanda kama wimbi, hufika kileleni, na kwa kawaida huanza kushuka kabla nusu saa haijaisha. Ongea naye kwa muda huo. Na hicho kiatu kitupe pamoja na chupa, ila siku utakayokuwa mikononi mwa daktari, si kabla.

SWALI: Nina miaka 22 na ni mwanafunzi. Mimi sinywi kila siku. Naweza kukaa wiki mbili bila kugusa pombe wala kutetemeka. Tatizo ni kwamba nikianza siwezi kusimama. Wikiendi iliyopita nilikuta kwenye simu yangu ujumbe mrefu niliomwandikia mtu saa nane usiku, wenye nukta na mikato mahali pake, na sikumbuki hata neno moja. Sisi tunaita kuzima. Wenzangu wanacheka, mimi nimeanza kuogopa. Je, ninapaswa kuacha kabisa au nipunguze tu?

JIBU: Binti yangu, hofu yako ina akili kuliko vicheko vyao. Katika kuzima kwa namna hii mtu halali wala hazirai. Anatembea, anazungumza, anaandika ujumbe wenye nukta na mikato, lakini kiasi cha pombe katika damu kimepanda haraka mno hata sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu imesimama kazi. Ndiyo maana siku ya pili kumbukumbu haitafutiki, haikuandikwa. Usihangaike kuikumbuka, bali tambua kwamba kwa saa kadhaa ulikuwa barabarani, au mbele ya watu, bila wewe mwenyewe kuwepo.

Kutokunywa kila siku hakumwondolei mtu tatizo. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa unywaji mzito wa mkupuo ni gramu 60 au zaidi za pombe halisi kwa wakati mmoja, na bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina karibu gramu 20, kwa hiyo chupa tatu tu zinatosha kufika huko. Mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji machache kuliko wa mwanamume wa uzito ule ule, na kwa sababu hiyo kiasi kile kile cha pombe hukolea zaidi katika damu yake. Usishindane na kaka zako mezani. Mizani haiko sawa.

Wapo watu wanaofaulu kupunguza, hasa waliowahi kushtuka mapema kama wewe. Lakini nimeisoma tena sentensi yako kwamba ukianza huwezi kusimama, na naona imekwisha kujibu swali: kwa mtu wa namna hiyo hakuna kinywaji kigumu kukiacha kama cha pili, na kuacha cha kwanza ni kazi nyepesi zaidi. Ningekushauri ukae miezi mitatu kavu kabisa, kisha uangalie mambo mawili, yaani jinsi ulivyojisikia, na ni nani kati ya rafiki zako aliyeendelea kukutafuta. Ikiwa miezi hiyo itakushinda hata baada ya kuamua kwa dhati, basi umepata sababu ya kumwona mshauri wa chuo au daktari, na usingoje mkono uanze kutetemeka.

SWALI: Niliacha pombe nikiwa na miaka 27 na nilikuwa nimetimiza miezi mitano na siku 11. Kwenye harusi ya dada yangu nilichukua glasi moja ili nisiulizwe maswali, na siku mbili zilizofuata nilizimalizia baa. Sasa siku tano sijanywa, lakini naona aibu kurudi kwenye kundi langu. Nimerudi sifuri. Kwa nini nijisumbue?

JIBU: Ndugu yangu, pole sana, na nimefurahi kwamba umeandika siku ya tano badala ya kuandika mwezi wa tano. Hesabu ya siku inakusaidia, nami ninayo yangu, ila haihesabu kila kitu. Miezi ile mitano uliishi kweli: ulilala bila pombe, uligombana na watu bila pombe, ulipokea mshahara ukafika nao nyumbani. Uzoefu huo haukufutika harusini.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Alan Marlatt, aliyeshughulika sana na suala la kurudia pombe, alionyesha kwamba mara nyingi kinachomwangusha mtu ni fikra inayofuata glasi ya kwanza: nimeharibu, mimi ni yule yule, basi niendelee. Zile siku mbili za baa zilitokana na fikra hiyo, na aibu inayokuzuia kurudi kwenye kundi ni fikra hiyo hiyo ikiwa imevaa nguo nyingine. Rudi wiki hii, tena useme mapema kabla hujapata nafasi ya kupamba maneno. Nina hakika zaidi ya mmoja kati ya watakaokusikiliza amewahi kukaa kwenye kiti hicho chako.

Kisha irudie ile harusi kwa utulivu, hatua kwa hatua. Ulisema ulichukua glasi ili usiulizwe maswali, kumbe hamu ilikuwa ndogo na hofu ya maswali ilikuwa kubwa. Hilo lina dawa nyepesi: ingia kwenye shughuli ukiwa tayari umeshika kinywaji chako kisicho na kilevi, uwe na jibu moja fupi ulilolizoea, kama vile "nilishaacha, ahsante", na uwe na mtu anayejua kwamba utaondoka mapema. Angalizo moja la mwili: baada ya miezi ya kutokunywa, uwezo wako wa kuhimili pombe umeshuka, na kipimo ulichokizoea zamani kinaweza sasa kukudhuru vibaya.

SWALI: Mdogo wangu ana miaka 28 na anakunywa kutwa. Nimeambiwa kuna dawa ya kumtilia kwenye chakula bila yeye kujua, ataichukia pombe mwenyewe. Je, nimpe? Mama anaona heri tumfungie ndani wiki nzima.

JIBU: Dada yangu, usimpe, na mwombe mama asimfungie. Mtu anayekunywa kutwa akifungiwa bila matibabu anaweza kupatwa na degedege au deliriamu niliyoieleza hapo juu, akafa mlango ukiwa umefungwa kwa upendo.

Ama dawa hiyo, ikiwa ni ya kweli, huenda ni disulfiramu. Watafiti wawili wa Denmaki, Jens Hald na Erik Jacobsen, waliijaribu katika miaka ya 1940 wakitafuta dawa ya minyoo, wakaimeza wenyewe, na kila walipokunywa pombe wakaugua. Huuzuia mwili kuimaliza sumu inayotokana na pombe, ndipo mnywaji huiva uso, hutapika, moyo humwenda mbio na shinikizo la damu huweza kushuka kiasi cha kuhatarisha maisha. Nguvu yake inaweza kubaki mwilini hadi siku 14 baada ya kidonge cha mwisho. Ni dawa halali kwa mtu anayeitaka, anayeijua na anayefuatiliwa na daktari. Haipewi mtu aliyelewa, wala mtu asiyejua kwamba amepewa. Na kama alichokuambia huyo muuzaji si disulfiramu, basi hata yeye huenda hajui anakuuzia nini.

Unaweza kufanya jambo gumu zaidi. Chagua wakati ambao hajalewa, mkae wawili tu, umtajie jambo moja uliloliona kwa macho yako, si kumi, na umwambie limekuumiza vipi. Acha kumlipia madeni ya baa na kumpigia simu mwajiri wake kudanganya kwamba ana malaria, lakini siku anapokuwa mzima kaa naye, kula naye, mwonyeshe kwamba siku hiyo umeifurahia. Kabla hujazungumza naye uwe umeshaulizia kituo kinachotoa matibabu, siku zake na saa zake, ili akisema ndiyo, hata kwa sauti ndogo, muweze kwenda asubuhi hiyo hiyo.